Siku moja St. Joseph, makumbusho ya Pony Express: nisikose nini?

Kipepeo_KC: Wakuu, habari za leo. Jumamosi natoka Kansas City na wanangu wawili (miaka 9 na 12) kwenda St. Joseph, Missouri, kuona makumbusho ya Pony Express, ile huduma ya zamani ya kupeleka barua kwa farasi. Je, niunganishe na Hollenberg kule Kansas, kituo chake cha zamani cha njiani? Na ndani nisikose nini?

Mzee wa Stempu: Ndugu, makumbusho yako Penn Street, kwenye zizi lenyewe la Pikes Peak, chimbuko la safari ya kwanza ya 3 Aprili 1860. Waeleze watoto kwanza kwa nini mji huu: reli kutoka Hannibal ilifika hapa 1859 ikaishia hapa. Kuanzia hapo ni farasi mpaka Sacramento, California, kama kilomita 3,100, kwa siku 10 hivi.

Ndani, simameni mbele ya mochila, mfuko wa barua wa mpanda farasi, msiipite haraka. Ni ngozi pana yenye mifuko minne, hutandazwa juu ya tandiko bila kufungwa; uzito wa mpanda farasi ndio unaoishikilia. Iangalieni ilivyotobolewa mbele ili pembe ya tandiko ipite. Akifika kituoni anaichomoa, anaitupia farasi mwingine, anaondoka. Dakika mbili zilitosha. Mifuko mitatu ilitiwa kufuli, wa nne ulikuwa wa barua za njiani, za kuchukuliwa na kuachwa vituoni. Barua zilizungushiwa hariri iliyopakwa mafuta zisilowe.

Farasi alibadilishwa kila kilomita 16 hadi 24, mpanda farasi kila 120 hadi 160. Watoto wengi hudhani kijana mmoja alikwenda njia nzima.

Bahasha: Naongezea bei ya kutuma barua: mwanzoni dola 5 kwa nusu aunsi, yaani gramu 14 tu, ndiyo maana watu waliandikia karatasi nyembamba mno. Na lile bango maarufu la kutafuta vijana wembamba wa kupanda farasi hao, "yatima watapendelewa", usilinunue ukidhani ni la 1860. Halijapatikana katika gazeti lolote la wakati ule.

Hollenberg iache, dada. Ni kama saa mbili magharibi kwa barabara ya 36, halafu una safari ndefu ya kurudi. Kituo chenyewe kizuri sana, bado kimesimama kilipojengwa, kinastahili siku yake. Badala yake nendeni kwa miguu Patee House, hoteli iliyokuwa ofisi kuu ya kampuni. Majira ya baridi saa zake hubadilika, piga simu Ijumaa.

Kipepeo_KC: Nimeelewa. Tunaanza na zizi, Patee House mchana. Asanteni sana.