Naomba ushauri: konsoli ipi inamfaa mwenye PC ya gemu?

Wakuu, habari zenu. PC ipo na inatosha, hivyo natafuta konsoli ya kunipa gemu ambazo PC haina. Hapo Xbox Series X, konsoli ya Microsoft, inanipa shida. Gemu za Microsoft hutoka Xbox na PC siku moja, na Game Pass, huduma yao ya kulipia kwa mwezi ili kucheza gemu nyingi, ipo pia kwenye PC. Mashine ni nzuri, lakini nitakuwa nalipia nini kipya?

PS5 ya Sony naiona ina hoja nzito zaidi, maana gemu zake kubwa huchelewa kufika PC. Kinachonisumbua ni monita: ni ya 1440p (ung'avu wa picha), 144Hz (picha hadi 144 kwa sekunde), ila tundu lake la HDMI ni toleo la 2.0. PS5 haina DisplayPort, tundu lingine la kebo ya picha, na VRR yake, yaani monita kufuata kasi ya fremu (picha) za gemu, inataka HDMI 2.1. Picha ya 1440p iliongezwa kwa sasisho la 2022, sawa, lakini bila VRR fremu zikishuka chini ya 60 kwa sekunde gemu inakwamakwama. Wenye monita kama hii, hali inavumilika au nibadilishe kabisa?

Halafu hifadhi ya PS5. GB 825 za toleo la kwanza hubaki kama 667 za kutumia. Ukitaka kuongeza, SSD (diski ya kasi) ya PCIe 3, kizazi cha zamani cha muunganisho, iliyotolewa kwenye PC haikubaliki, inatakiwa M.2 (SSD nyembamba ya kuchomeka ndani) ya PCIe 4, Sony wanashauri MB 5,500 kwa sekunde, tena yenye kipoza joto, unene wote usizidi milimita 11.25.

Switch 2, konsoli ya Nintendo, nayo inanivuta, kwa kuwa gemu za Nintendo haziji PC. Mngeanza na ipi?