Kidakio cha maganda ya risasi cha kujitengenezea: kifungwe kwenye bastola au kisimame pembeni?

Fundi_Waya
Wakuu, nataka kutengeneza kidakio cha maganda kwa bastola ya shabaha ya .22 LR (ile risasi ndogo), ninayotumia mita 25. Maganda yake yanaruka kulia na nyuma kidogo, na jirani yangu kwenye mstari wa kupigia shabaha ndiye anayeyapokea. Ganda la moto likimwingia mtu kwenye kola, ataruka huku kashika silaha yenye risasi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko sakafu kuchafuka. Naona njia tatu: mfuko wa wavu uliofungwa kwenye bastola yenyewe, fremu yenye wavu juu ya stendi ya kamera, au turubai tu chini. Waliojaribu, mnasemaje?

MkonoMmoja
Cha kufunga kwenye bastola achana nacho. Ukishika kwa mkono mmoja ulionyooshwa, hata uzito mdogo ulioning'inia upande wa kulia unausikia, na bastola inataka kulalia upande huo kila unapoinua. Halafu kuna kanuni: kwa ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, bastola ya mita 25 sharti iingie kwenye kisanduku cha milimita 300 × 150 × 50 na isizidi gramu 1400. Ukiipachika mfuko ubavuni, hizo milimita 50 umeshazivuka. Maana yake utafanya mazoezi na bastola moja, ushindane na nyingine.

Na lipo la kukwama. Mdomo wa mfuko ukiwa karibu na tundu la kutolea maganda, ganda linagonga, linarudi na kubanwa na slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele. Unaanza kulaumu risasi kumbe tatizo umelifunga mwenyewe.

Shoto
Sawa kwa mnaotumia mkono wa kulia. Bastola nyingi hutoa ganda kulia, na mimi napiga kwa kushoto, kwa hiyo ganda linakuja kifuani na usoni kwangu. Miwani ya kinga kila mtu anavaa, lakini ganda linaloteleza kati ya miwani na shavu ulisikie kwa wengine tu. Stendi yenu ya pembeni hainisaidii. Nilichofanya ni fremu ndogo juu ya meza, kwenye shingo ya taa ya mezani inayokunjika, ikikaa kati ya bastola na kifua changu. Ni nyepesi na naisogeza nitakavyo.

Kaliba32
Uliza kwanza unayataka maganda ya nini. Ya .22 LR huwezi kuyajaza tena baruti kwa njia ya kawaida: kiwashio kimo ndani ya ukingo wa kitako, na pini ikishaugonga umebondeka. Kwa hiyo wewe unatafuta usalama na usafi, basi. Mimi napiga .32 S&W Long na maganda yangu nayajaza upya, kila moja nalitaka, tena bila mchanga, maana punje moja inakwaruza ganda na kifaa cha kujazia. Turubai lilinichosha: linakanyagwa, maganda yanabingirika hadi kwa jirani, halafu mnabishana ni ya nani. Fremu ya pembeni ndiyo jibu kwa wote wawili.

Fundi_Waya
Basi fremu. Wavu gani? Nina kipande cha chandarua, na rafiki ana printa ya 3D, anasema atachapa boksi zima.

MkonoMmoja
Angalia chandarua ni cha nini. Vya polyethilini vinayeyuka mapema, vya polyesta vinavumilia zaidi. Matundu yawe chini ya milimita 5, kwa sababu kitako cha ganda la .22 ni kama milimita 7 na mwili wake ni mwembamba zaidi. Boksi la plastiki ngumu silipendi: ganda linadunda kama mpira wa tenisi na kutoka mlemle lilimoingilia. Tena PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, hulegea kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi hivi. Kama ni lazima boksi, tundika ndani kitambaa cha pamba kilicholegea. Ganda likikigonga linaishiwa nguvu na kudondoka wima. Hicho kitambaa ndicho kidakio, boksi ni pambo.

Mstari_Salama
Nasimamia renji (uwanja wa shabaha), naongeza ambayo hamjayagusa.

Fremu yote ikae nyuma ya mdomo wa mtutu, kisha uangalie njia ya mkono. Kwenye hatua ya kasi ya shindano la bastola la mita 25 mkono unaanzia chini, pembe ya nyuzi 45, na shabaha inaonekana sekunde 3 tu. Fremu iliyokaa vizuri mkono ukiwa juu inaweza kugongwa na mkono unaopanda. Ijaribu na bastola tupu, kwa ruhusa ya msimamizi.

Jingine zito: unapoondoa risasi ambayo haikulipuka, nayo inarukia mfukoni pamoja na maganda. Mfuko usimwagwe kwenye ndoo ya vyuma chakavu bila kukaguliwa. Na wavu usizibe tundu la kutolea maganda. Mimi nikipita nataka kuona chemba (pale risasi inapokaa) ikiwa tupu, na bendera ya usalama inayochomekwa humo, bila kuomba mtu asogeze kitu. Ganda lililoanguka mbele ya mstari liache mpaka amri itoke.

Shoto
Kujua pa kuiweka, mwombe mtu akurekodi kwa simu, video ya mwendo wa polepole, ukipiga mfululizo wa risasi tano. Tumia risasi zile zile za mazoezi. Ukibadili aina, ganda linabadili njia.

Fundi_Waya
Nashukuru wakuu. Naenda na waya wa milimita 4, fremu ya sentimita 40 kwa 30, wavu wa polyesta uliolegea, kitambaa cha pamba nyuma yake, na zipu chini. Stendi naitundikia mfuko wa mchanga isipinduke.

Kaliba32
Zipu iwe upande wako, si wa jirani. Na kitambaa ukifue peke yake, usichanganye na nguo za nyumbani: masizi ya kiwashio yana madini ya risasi. Mikono pia, sabuni kabla hujagusa chakula.