Kofia ya jino: chuma au kaure, na maumivu mliyatuliza vipi?

Dada wa Mwanga (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Gego langu la chini limemeguka, limezibwa, lakini daktari anasema bila kofia, yaani kifuniko cha kulivika jino lote, litapasuka. Neva bado iko hai. Wiki ijayo analichonga na kuchukua vipimo, kisha nitakaa na kofia ya muda kama wiki mbili nikisubiri yenyewe. Nimepewa nichague: chuma, kaure au zirkonia. Bei nimeshazijua. Ninachoogopa ni maumivu, na ule uji mzito wa kupimia meno. Nikiwekewa mdomoni natapika. Waliopitia, mlivumilia vipi?

Mzee wa Kibirizi
Binti yangu, pole. Mimi ninazo mbili, chuma kulia na kaure kushoto, kwa hiyo nakwambia nilichokiona mwenyewe. Kofia ya chuma ni nyembamba, jino linachongwa kidogo. Kaure inataka nafasi, milimita moja na nusu hadi mbili juu ya gego, na kadiri jino linavyochongwa ndivyo neva inavyokaribiwa. Upande wa kaure uliniuma siku nyingi zaidi. Chuma nacho kina lake: kinapitisha joto upesi. Wiki ya kwanza chai ya asubuhi nilikuwa naimimina kwenye kisahani ipoe ndipo ninywe. Baadaye hali hiyo ikaisha. Kwa gego la nyuma lisiloonekana hata ukicheka, mimi ningerudia chuma. Zirkonia ni nyeupe, ngumu, na haitaki kuchongwa sana kama kaure tupu. Ukiweza kuimudu, hutajuta.

Binti Unyanyembe (Tabora)
Dada, mimi nitasemea dawa. Usingoje ganzi iishe ndipo utafute kidonge. Ganzi ya taya la chini hukaa saa mbili, tatu, hata nne, na maumivu yakishashika moto kuyatuliza ni kazi. Ibuprofeni ilinifaa kuliko parasetamoli kwa sababu inapunguza na uvimbe wa fizi, nami niliinywa baada ya kula uji. Mama yangu ana vidonda vya tumbo, akakatazwa kabisa ibuprofeni. Mjamzito naye asiinywe bila kumwuliza daktari. Mama alimeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi 8 kwa siku, na zilimtosha. Jambo jingine: usitafune chochote mdomo ukiwa bado umekufa ganzi. Nilikula embe, nikajing'ata shavu bila kusikia. Kile kidonda kiliniuma kuliko jino.

Mjukuu wa Ujiji
Na karafuu je? Bibi alikuwa anatuwekea, na jino lilitulia kweli.

Tabibu wa Kinywa
Bibi hakukosea. Karafuu ina dawa iitwayo eujenoli, na dawa hiyohiyo imo kwenye saruji nyingi za kubandikia kofia za muda. Lakini mafuta yake ni makali: tone moja kwenye pamba, basi, maana yakizidi yanaunguza fizi. Aspirini usiiweke kwenye fizi hata siku moja, inachubua. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hayana ubaya, sukutua mara kadhaa kwa siku.

Dada, kuhusu kutapika: mwambie daktari mapema, akukalishe wima. Inamisha kichwa mbele kidogo, pumua kwa pua polepole. Uzi wa kusafishia meno uchomolee ubavuni, usiuvute juu, utaing'oa kofia ya muda.

Kubwa kuliko yote: ukiuma na kofia ikatangulia kugusana kabla ya meno mengine, rudi. Msivumilie mkidhani mtazoea. Baridi kuchoma kidogo kwa wiki moja au mbili ni kawaida. Jino kudunda usiku bila kuguswa si kawaida.

Abiria wa Kaliua
Naongezea, usisafiri mbali katika hizo wiki mbili. Kofia yangu ya muda ilitoka nikiwa kwenye treni kwa sababu ya kashata. Upepo ukipita tu, jino linachoma hadi sikioni. Nilifika Uvinza nimefumba mdomo. Ikitoka itunze, mrudie daktari, na usithubutu kubandika kwa gundi ya dukani.

Dada wa Mwanga (Kigoma)
Mrejesho, wapendwa. Nimechagua zirkonia. Nilikalishwa wima, nikapumua kwa pua, sikutapika. Kidonge nilimeza ganzi ikiwa bado ipo, jioni nikala ugali laini na mchuzi wa mgebuka kwa upande wa pili. Lakini usiku nilihisi kama nimeng'ata punje ya mchanga kila nikifunga mdomo. Ningenyamaza, ila nimekumbuka maneno ya Tabibu, asubuhi nikarudi. Daktari akanipa ile karatasi ya bluu niume, doa likabaki sehemu moja tu ya kofia ya muda. Akaisugua kidogo, nikauma tena. Sasa meno yanakutana yote.