Wikiendi ya familia milimani India Kusini: Ooty, Coorg au Kodaikanal?

BabaNaima:
Wakuu, salaam. Nipo India kikazi, familia imenifuata likizo hii ya Juni. Mke wangu anataka tukalale milimani walau usiku mmoja kabla hawajarudi Dar, aone ukungu na mashamba ya chai. Nimebaki na majina matatu: Ooty, Coorg na Kodaikanal. Ofisini kila ninayemuuliza ananitajia kwao. Aliyewahi kupeleka familia anipe mwanga, maana nataka kulipia hoteli kesho.

KijanaWaMysuru:
Mkuu, India ni kubwa. Upo mji gani? Mko wangapi, watoto wana umri gani, mna gari au mnategemea basi? Hiyo wikiendi ni siku mbili au umeomba na Ijumaa? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Mgosi_wa_Lushoto:
Mie nashangaa. Mtu unakatia tiketi ya ndege familia nzima ikaangalie ukungu? Magamba ya Lushoto kuna nini? Irente je, Mtae je? Ukungu wa bure, na Soni unanunulia peasi dirishani.

Mama Kayla:
Mgosi, kasema wapo huko tayari. Soma kwanza, shem.

BabaNaima:
Samahani, nipo Bengaluru. Tuko mimi, mke wangu, watoto wawili (miaka 9 na 4) na mama mkwe. Tutakodi Innova na dereva wake. Kutoka Jumamosi alfajiri, kurudi Jumapili usiku.

KijanaWaMysuru:
Basi Kodaikanal ifute. Toka Bengaluru ni zaidi ya kilomita 450, Jumamosi yote inaishia barabarani. Pazuri, sikatai, ziwa lake lina umbo la nyota na Juni mvua yake si kali kama ya upande wa magharibi, lakini ile ni safari ya siku nne.

Zinabaki mbili, na hapa mshirikishe mama watoto. Coorg hakuna chai ya kusema. Kule ni kahawa chini ya miti mirefu, na pilipili manga imepanda kwenye mashina. Pazuri mno, ila kama mtu ana picha ya yale mashamba ya kijani yaliyonyolewa mlima mzima, atakuuliza mmekuja wapi. Chai iko Ooty, na zaidi Coonoor pale jirani. Halafu Madikeri, mji wa Coorg, uko kwenye mita 1,150 hivi. Ooty ni 2,240. Usiku wa Juni Ooty inashuka mpaka nyuzi 11 au 12, mtoto wa miaka minne avae sweta la kweli.

Barabara zote mbili ni saa sita na ushee, kama mtatoka saa kumi alfajiri. Mkitoka saa moja asubuhi, hapo Bengaluru penyewe mtaacha saa mbili nzima.

Mtu wa Munnar:
Munnar. Narudia, Munnar. Hizo nyingine ni maegesho ya magari yenye baridi.

KijanaWaMysuru:
Munnar kutoka Bengaluru ni mbali kuliko hiyo Kodaikanal niliyoifuta. Wewe ulitokea Kochi, kilomita 110 tu, ndiyo maana uliiona karibu.

Mtu wa Munnar:
Uzuri haupimwi kwa kilomita.

Bint_Kibokoni:
BabaNaima, wape watoto ile treni! Kwenda Ooty na kukosa reli ile ni hasara. Inaanzia Mettupalayam chini kabisa, kilomita 46 hadi juu. Kutoka Kallar mpaka Coonoor mlima ni mkali, kwa hiyo katikati ya reli wameweka chuma chenye meno, gurudumu la injini linang'ata jino kwa jino. Na injini haivuti, iko nyuma, yasukuma. Mvuke mtupu! Ilifika Coonoor mwaka 1899, Ooty 1908, na UNESCO wakaitia kwenye urithi wa dunia mwaka 2005. Wanangu walishinda dirishani, kila handaki wakipiga kelele pamoja na Wahindi wote behewani. Hakuna anayekuambia nyamaza.

KijanaWaMysuru:
Dada Bint, Mettupalayam iko upande wa Coimbatore, wao wanaingilia Mysuru. Wakienda kuitafuta watauzunguka mlima mzima. Na tiketi za wikiendi zinaisha mapema mno. Wachukue kipande cha Ooty hadi Coonoor, kilomita 19, saa moja na kidogo, dereva awasubiri stesheni ya chini. Injini pale ni ya dizeli, lakini chai mtaiona dirishani.

Bint_Kibokoni:
Dizeli si treni ile niliyosema mimi. Lakini sawa, mwenye miaka minne hatajua.

Chai_ya_Kericho:
Mnasifu chai ya Nilgiri, hiyo milima ya Ooty, kama hamjawahi kuonja chai. Kenya ndiyo inaongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi, jamani. Niliingia kiwanda kimoja hapo Ooty, nikakuta mashine zilezile za kwetu za kuponda, kurarua na kukunja jani. Mwisho wakanipa kikombe kidogo hivi chenye iliki.

Mgosi_wa_Lushoto:
Kericho mnakunywa maziwa yenye rangi, tuache.

Nyota_Njema:
Wakati mnabishania chai, wacha nimwambie mleta uzi jambo ambalo wenyeji wa ofisini kwake hawawezi kumwambia, kwa sababu haliwahusu.

Sisi tulikwenda Ooty mwaka juzi, mimi, mume wangu na mtoto aliyekuwa bado ananyonya. Tuliweka chumba kwa programu ya simu, tukalipia. Nyumba ya wageni nzuri, picha zina bustani na maua. Njiani tulichelewa, tukapita geti la msitu wa Bandipur jioni, na kule juu tukaingia kwenye ukungu wa ajabu, dereva ametoa kichwa nje anatafuta mstari wa barabara. Tunafika saa tatu kasoro usiku. Kijana wa mapokezi akatabasamu mpaka tulipotoa pasipoti. Akazigeuza geuza, akampigia mwenye nyumba, akarudi na jibu moja: wageni wa nje hatuchukui.

Sababu ni hii. Hoteli yoyote India ikilaza raia wa kigeni inatakiwa kumripoti kwa Fomu C mtandaoni, ndani ya saa 24. Nyumba nyingi ndogo hazijajisajili huko, na hazitaki kesi na polisi. Kwenye programu hakuna aliyetuuliza uraia. Tukaonyesha risiti, akasema hela itarudi. (Ilirudi, baada ya barua pepe nyingi.) Tukasema basi turudi Mysuru, dereva akacheka: njia ya msituni Bandipur inafungwa saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya wanyama. Kwa hiyo mbele huingii, nyuma hutoki. Mtoto analia, vioo vimejaa mvuke, dereva anataja nyongeza ya posho kila tukisimama. Hoteli ya nne ndiyo ilitupokea. Wakatoa kopi ya pasipoti, wakatoa kopi ya viza, wakatupiga picha, wakatuuliza tunatoka wapi na kesho tunakwenda wapi. Bei ikawa karibu mara mbili ya ile tuliyolipia, na baridi ya chumba kile siisahau. Hita waliileta wakaitoza peke yake.

BabaNaima, kabla hujalipa PIGA SIMU. Waulize kwa mdomo kama wanapokea pasipoti ya Tanzania na kama wanajaza Fomu C. Akisitasita, achana naye.

KijanaWaMysuru:
Hili ni kweli tupu, na Coorg ni hivyohivyo, zile nyumba za wenyeji kwenye mashamba ya kahawa ndizo zaidi. Nyongeza mbili za Ooty: gari lazima liwe na kibali cha mtandaoni, wanaita e-pass, hicho ni cha amri ya mahakama tangu Mei 2024. Mwaka 2025 waliweka na kikomo kwa Aprili hadi Juni, magari 8,000 kwa siku za wikiendi na 6,000 siku za kawaida. Mwambie dereva akiombe mapema. Na chupa za maji za plastiki wanazikamata kwenye vizuizi, bebeni chupa za chuma.

Mama Kayla:
Na watoto msiwape chochote mkononi nje ya gari. Tumbili wa kule hawaombi. Mwanangu alinyang'anywa pakiti ya chipsi, tumbili akakaa juu ya boneti akaifungua kwa meno, taratibu kabisa, anatuangalia.

BabaNaima:
Asanteni sana. Fomu C sikuwa naijua kabisa. Swali moja: njia ya kupanda Ooty ina kona sana? Na kule juu kuna kutembea? Maana mama mkwe kafanyiwa upasuaji wa goti mwezi uliopita, ndicho kilichomleta.

Bint_Kibokoni:
LAILAHA. Hilo ndilo la kuanzia, babangu!

Dr_Mtarajiwa:
Mkuu, saa sita na zaidi ndani ya gari, goti limekunjwa, mwezi baada ya upasuaji? Hatari ya damu kuganda mguuni kwenye safari ndefu ipo. Muulize daktari aliyempasua kabla ya kuuliza hoteli. Akiruhusu, msimame kila saa, ashuke atembee kidogo, anyooshe mguu.

KijanaWaMysuru:
Njia fupi ya Masinagudi ina kona 36, kila moja imeandikiwa namba yake. Kupanda sawa, kuteremka nayo magari ya wageni hayaruhusiwi. Pitieni Gudalur, ndefu lakini ya kistaarabu. Doddabetta, mita 2,637, gari linafika karibu na kileleni. Bustani ya mimea ni mteremko. Coorg, maporomoko ya Abbey ni ngazi kwenda na kurudi, yeye atabaki garini.

Mtoto_wa_Ilala:
Mimi ningewapeleka Nandi Hills basi. Kilomita 60 tu, mita 1,478, mnawahi alfajiri mnakuta mawingu yako chini yenu, saa sita mchana mama yuko kitandani kwake. Na ngome ya Tipu Sultani mnaiona.

Mtu wa Munnar:
Nandi ni msongamano wa pikipiki.

Mama Kayla:
Au mkalale Mysuru. Jumapili usiku saa moja wanawasha taa za kasri, karibu balbu laki moja, bibi anakaa kwenye benchi anaangalia. Ukungu hakuna ila hakuna atakayelia.

BabaNaima:
Nimemsomea mama mkwe uzi wote. Kasema yeye goti lake halijamshinda, na treni anaitaka. Mke wangu kasema Coorg isitajwe tena. Daktari tunamwona Alhamisi. Hoteli moja Ooty imesema inapokea pasipoti, nyingine mbili wamekata simu.

Mgosi_wa_Lushoto:
Lushoto hakuna anayekukatia simu.

Chai_ya_Kericho:
Lushoto hata mtandao wa kupiga hiyo simu upo?

Mgosi_wa_Lushoto:
Upo mpaka Mlalo, njoo uone.

Mjukuu_wa_Bibi:
Wakuu, samahani natoka nje ya mada. Viza ya msindikizaji wa mgonjwa inaruhusu watu wangapi? Tunataka kumpeleka bibi Chennai mwezi wa nane.

Mama Kayla:
Fungua uzi wako, mdogo wangu. Na safari hii anza kwa kutaja bibi anaumwa nini.