Nina pikipiki kubwa ya safari, nataka kuongeza ndogo ya mjini hapa Dodoma. Nichukue ipi?

Nyika Kavu (mleta uzi)
Habari za majukumu wakuu. Naomba ushauri, matusi wekeni akiba.

Nina BMW R 1200 GS, ile ya injini ya kupozwa kwa hewa na oili, nimekaa nayo mwaka wa nne sasa. Nimekwenda nayo Iringa kwa njia ya Mtera, Babati, Arusha, Dar ndiyo usiseme. Kwenye lami sijaona mfano wake. Shida iko hapa hapa mjini. Nakaa Nkuhungu, kazini ni Mtumba, na mwisho wa wiki nina kishamba Hombolo. Mashine ikijaa mafuta ni kilo 229, hapo bado hujafunga masanduku ya pembeni. Kuitoa getini asubuhi ni kazi, kuigeuza kwenye mchanga ni kazi nyingine. Sokoni Majengo ndiyo balaa: nilishuka nayo siku moja, mama wa nyanya akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, fungu la elfu moja likawa elfu mbili.

Nataka ndogo ya pili. Kichwani nimebaki na tatu: Boxer 150, TVS HLX, au Honda XL 125 iliyotumika, zile za miradi. Kwa mazingira yetu ipi inafaa? Nisaidieni, silali.

Chapa Lapa
Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, hili halina mjadala, chukua Boxer. Spea zake utazikuta hata panapouzwa ubuyu. Mimi niko kijiwe cha Sabasaba na Boxer ya mkataba, hesabu elfu nane kwa siku. Bosi alisema miezi 14, leo huu ni wa 17, anasema kuna siku sikuleta. Kadi naiona kwenye simu yake tu. Kama una hela ya pikipiki ya pili nipe mimi, nakuletea hesabu kila jioni, wewe utaipanda Jumapili.

Fundi Spana 14
Mnanichekesha. Injini ya hiyo BMW ndiyo yenye jina la boxer kwa asili. Silinda mbili zimelala, moja kushoto moja kulia, pistoni zinakwenda na kurudi kama mabondia wanaogonganisha glavu. Boxer ya kijiweni ina silinda moja tu na haipigani na mtu. Mleta uzi akimsikiliza Chapa Lapa atakuwa na boxer mbili, moja ya kweli na moja ya jina.

Kwa Hombolo mimi nasema XL. Tairi la mbele ni inchi 21, linapita juu ya mchanga. La Boxer ni inchi 17 na jembamba, linachimba kama panya buku.

Mzee wa Kongwa
Vijana, mimi nilikuwa bwana mifugo miaka ya themanini. Nilipewa XL, nikazunguka nayo Kongwa, Mpwapwa mpaka Kibakwe, nyuma nimefunga boksi la chanjo lenye barafu. Siku moja tukakuta korongo limejaa. Tumekaa ng'ambo tangu saa nne asubuhi hadi jua linazama, barafu ikawa maji, chanjo ikaharibika, nikaandikiwa barua. Usiku nililala kwa mama mmoja wa Kigogo, akanipa ugali wa uwele na mlenda, sijala tena mlenda kama ule. Pikipiki asubuhi teke moja ikawaka. Sijui kama nimejibu swali.

Bi Zabibu
Kaka Nyika Kavu, pole na kazi. Mtu anayechagua kati ya Boxer na TVS hakosi usingizi. Kuna kitu umekikalia. Hiyo kubwa ina nini?

Nyika Kavu
Haina tatizo dada. Iko nyumbani, nimeifunika turubai. Ni suala la matumizi tu. Petroli inacheza karibu na elfu tatu, ile inakula lita 5 mpaka 6 kwa kilomita 100. Ndogo itarudisha hela yake yenyewe.

Fundi Spana 14
Itarudisha lini? Nkuhungu mpaka Mtumba na kurudi tuseme kilomita 50. GS itakula lita 3, ndogo lita moja na nusu. Unaokoa elfu nne na mia tano kwa siku, siku 22 za kazi ni kama laki moja kwa mwezi. Ukinunua chombo cha milioni 3 ni miezi 30 ndipo uanze kuona faida, na hapo sijagusa bima ya pili, oili wala matairi. Kwa hiyo si mafuta.

Halafu pikipiki inayokwenda kazini kila siku haifunikwi turubai.

Mla Ubuyu
Turubai limekuwa shahidi upande wa mashtaka.

Nyika Kavu
Haya basi. Nilianguka.

Mwezi wa sita, nilikuwa natoka Kolo kutazama michoro ya kwenye miamba, ile iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kabla hujarudi barabara kuu kuna mahali mto wa mchanga unakatiza njia. Asubuhi nilipita kwenye alama za matairi ya gari, safi kabisa. Mchana ng'ombe walikuwa wameshapita, wamevuruga kila kitu. Tairi la mbele likazama. Nikashika klachi nusu nusu ili nisisimame, nikasikia harufu ya kuungua. Nikaingiwa na hofu, nikaachia gesi. Ikalala, mguu wangu wa kushoto ukabaki chini ya sanduku.

Petroli ilikuwa inadondoka kwenye mfuniko wa tangi, tone, halafu kimya, halafu tone. Injini inalia ti, ti, ti, kama chuma chochote kinavyolia kikipoa. Simu iko kwenye kibegi cha juu ya tangi, naiona, siifikii. Nahisi nilikaa pale saa nzima. Walionitoa ni watoto wawili waliokuwa wanachunga mbuzi na mzee mmoja mwenye jembe. Walipoinyanyua yule mzee akaizunguka, akaniuliza, "Mwanangu, hiki chombo ni cha watu wangapi?"

Sikuvunjika. Kifundo kilivimba tu, na kifuniko cha valvu upande mmoja kikapata ufa, nikakizibia gundi ya chuma. Tangu siku hiyo nimeiwasha mara tatu, ndani ya geti, nikaizima. Mikono inalowa jasho.

Fundi Spana 14
Pole sana ndugu. Ungeanza na hili tusingehesabu lita. Zile silinda zinazotokeza ndizo zilizokuokoa mguu, pikipiki inaegemea juu yake haifiki chini kabisa. Ile harufu ni klachi. Hizi zako zina klachi kavu, sahani moja kama ya gari, haiogi kwenye oili kama ya Boxer. Ukiitelezesha mchangani muda mrefu imekwisha, na kuibadilisha ni kuikata pikipiki nusu. Mchangani punguza upepo, simama usikae, macho mbele, tia gesi. Kuachia gesi ndiko kunakoangusha. Na siku nyingine ukiinyanyua ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani na chuma cha nyuma, rudi nayo kinyumenyume kwa nguvu ya miguu.

Mtumishi wa Ilazo
Ndugu, umeonywa mara moja, usisubiri ya pili. Uza zote. Kuna treni ya umeme, kuna mabasi, unakimbizana na nini? Mjomba wangu alikuwa hivyo hivyo na pikipiki, leo anatembelea gongo.

Chapa Lapa
Mimi tangu Januari nimeanguka mara sita, mbili nikiwa na abiria, mmoja alinilipa nauli yote. Jasho la mikono linatibiwa kwa kupakia mshikaki siku mbili.

Bi Zabibu
Na nyumbani wanasemaje?

Nyika Kavu
Mama watoto hana neno na pikipiki. Samahani nimekawia kujibu, Ijumaa nilishinda stendi nasubiri cheni na sproketi zije na basi kutoka Dar. Nashukuru kwa michango, naona wengi mmeiunga mkono XL. Chombo cha kilo mia na kitu ukikiangusha unakiinua mwenyewe, unapanguza vumbi, unaondoka. Nitaanzia hapo mpaka mikono itulie.

Mla Ubuyu
Wengi gani? Ni Fundi peke yake, na Mzee wa Kongwa ambaye hajui kama alijibu.

Ila ngoja. CHENI? GS haina cheni. Inaendeshwa na shafti kama lori. Mtu ana GS miaka minne anashinda stendi kusubiri cheni yake! Wakuu, hii ni chai. Imetiwa tangawizi na mdalasini, tukaimba pole.

Msafiri wa Bahi
Nami nilishtuka. Saa nzima chini ya pikipiki na injini bado inalia ti ti? Weka picha.

Mtumishi wa Ilazo
Kusema uongo kuhusu ajali ni kujitabiria.

Chapa Lapa
Huyo ni mwenzetu, ana Boxer ya mkataba kama mimi, GS ameiona kwenye kalenda.

Mzee wa Kongwa
Acheni. Lile swali la mzee mwenye jembe mtu halitungi akiwa amekaa kwenye kiti. Na ni kweli ng'ombe wakipita korongoni mchanga unakuwa kama unga. Mimi namwamini, ingawa hiyo cheni nami imenikaa kooni.

Nyika Kavu
Jamani cheni ni ya XL. Nimeshainunua, wiki ya tatu leo. Ilipigwa mnada, iko kwa shemeji Ihumwa, inasubiri cheni na kusafishwa kabureta. Sikusema kwa sababu mngesema tu hongera au mngenitukana. Nilitaka nisikie mtu asiyejua akiichagua mwenyewe.

Na kabla hamjauliza: hela ilikuwa ya bati. Tuna boma Nala, limefungwa linta, limebaki kupauliwa. Mama watoto anataka msauzi. Lakini huku mvua ni Desemba, na fundi mwenyewe ana kazi ya mtu mwingine mpaka mwezi ujao. Hela ingekaa tu. Nitairudisha kabla ya wingu la kwanza. Picha ya kifuniko chenye ufa nimeiweka hapo chini, tazameni.

Mtumishi wa Ilazo
Pikipiki mbili, paa hakuna.

Fundi Spana 14
Nimeiona picha, ni ya GS kweli, naomba radhi kwa niaba ya wanywa chai. Hiyo gundi itaanza kuvuja kabla hujafika Kibaigwa, tafuta kifuniko kizima. Kuhusu XL, ya mnada usiipande kabla kadi haijaja kwa jina lako na namba ya chesisi umeisoma kwa macho yako. Kamba ya klachi badilisha hata kama inaonekana nzima. Kama wakati mwingine utapata Yamaha DT badala ya hiyo, kumbuka ina tangi lake la oili ya kuchanganya na petroli. Watu wanasahau, pistoni inaganda.

Mla Ubuyu
Samahani mkuu. Ila ulituzungusha.

Bi Zabibu
Kaka, kifundo kilivimba. Ulimwambia mkeo kimevimba kwa nini?

Nyika Kavu
Nilimwambia niliteleza kwenye ngazi za barazani kule Nala nilipokwenda kuangalia boma.

Bi Zabibu
Nyumba haijapauliwa. Baraza mlilimwaga lini?

Chapa Lapa
Mkuu, ile hesabu ya kila jioni bado ipo.