Mjadala: Je, kijana wa Indonesia huvuta sigara kwa kukosa malezi?

Hoja iliyoletwa mbele yetu ni kwamba kijana wa Indonesia anayevuta sigara amepotezwa na marafiki wabaya na wazazi waliolegea, na kwamba sheria haiwezi kurekebisha kilichoharibikia nyumbani. Mtoa hoja ameitilia nguvu kwa methali ya asiyefunzwa na mamaye. Naomba kupingana naye kwa heshima. Sikatai kwamba rika lina nguvu, ila maelezo yake yanamwishia mtoto mlangoni pa kwao, ilhali huo ulimwengu unaomfunza una duka, una bei na una matangazo.

Nianze na takwimu ambayo kila upande unaweza kuivutia kwake. Katika uchunguzi wa matumizi ya tumbaku miongoni mwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, uliofanyika Indonesia mwaka 2019, zaidi ya theluthi moja ya wavulana walikuwa wanatumia tumbaku, lakini wasichana hawakufika 4 katika kila 100. Ndugu hawa hulala chini ya paa moja, hulelewa na wazazi wale wale na hupita mbele ya vibanda vile vile. Mtu atasema papo hapo kwamba tofauti hiyo ndiyo malezi yenyewe: binti amekatazwa, mwana ameachiwa. Nakubali kwamba kuna ukweli humo, tena mzito kuliko wengi wetu tunaotetea sheria tunavyopenda kukiri. Lakini aliyemwachia mwana si mama mmoja mlegevu. Ni jamii ambayo takriban wanaume 65 katika kila 100 hutumia tumbaku, ambayo mgeni wa kiume hukaribishwa kwa sigara, na ambayo matangazo ya televisheni, baada ya kukatazwa kuonyesha sigara yenyewe, yamejaa wanaume wanaopanda milima na kuvuka mito. Mvulana huonyeshwa kwamba huo ndio uanaume kabla hajampata rafiki wa kumshawishi.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni sigara ya rejareja, inayouzwa moja moja, ambayo wenyewe huiita ketengan. Pakiti nzima ni ghali kwa mwanafunzi, lakini sigara moja hulipiwa kwa chenji iliyobaki baada ya kununua chakula cha mchana. Tazameni inavyozipangua hatua nyingine zote. Serikali ikipandisha ushuru, mzigo wa ushuru wa pakiti humgawanyikia mnunuzi wa sigara moja hata asiuhisi sana. Na picha za kutisha za magonjwa, zilizoanza kuwekwa kwenye pakiti mwaka 2014, hubaki mkononi mwa muuzaji, kwa kuwa mtoto hapewi pakiti. Hata huo ushawishi wa marafiki hupitia hapo hapo, maana ni rahisi kumpa mwenzako kitu kilichokugharimu sarafu mbili tatu.

Liko pia suala la karafuu, ambalo msomaji wa Unguja na Pemba atalielewa upesi, kwani kwa miaka mingi ya karne iliyopita Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar, hadi mashamba yake yenyewe yalipoanza kuitosheleza. Sehemu kubwa ya zao hilo huishia ndani ya kretek, sigara iliyoanzia mji wa Kudus katika Jawa ya Kati na ambayo hadi leo ndiyo inayovutwa na wavutaji wengi nchini humo. Karafuu hutia ganzi koo, kama ajuavyo kila aliyewahi kuiweka kwenye jino linalouma, na moshi usiokwaruza ni rahisi kwa anayejifunza. Marekani ilipopiga marufuku sigara zenye ladha, kretek ikiwemo, mwaka 2009, ikitaja vijana, Indonesia iliishtaki katika Shirika la Biashara Duniani na ikashinda, kwa kuwa sigara za Marekani za mentholi, zenye ladha ya mnanaa, hazikupigwa marufuku. Naona Indonesia ilikuwa na haki katika suala la biashara. Lakini hukumu ile haikusema kwamba karafuu haimlainishii mtoto njia.

Julai 2024 Rais Joko Widodo alitia saini kanuni iliyokataza sigara kuuzwa moja moja, iliyopandisha umri wa mnunuzi kutoka miaka 18 hadi 21, na iliyozuia kuuza ndani ya mita 200 kutoka shuleni na viwanja vya watoto. Wapinzani wanasema vibanda havihesabiki na kwamba wanawake wanaosokota kretek kwa mikono watakosa riziki. La kwanza ni kweli, na ndiyo maana usimamizi unahitaji fedha na watu. La pili halinishawishi, kwa sababu kiwanda kinachomhitaji mnunuzi wa miaka 13 ili kiendelee kuwepo kimekwisha kukiri jambo ambalo wenye viwanda hulikana.

Kwa tafiti za afya za taifa hilo, wavutaji wa miaka 10 hadi 18 walikuwa asilimia 7.2 mwaka 2013, wakapanda hadi 9.1 mwaka 2018, kisha wakashuka hadi 7.4 mwaka 2023. Siamini kwamba malezi ya taifa la watu zaidi ya milioni 270 yaliharibika na kutengemaa ndani ya miaka kumi. Ningependa mtoa hoja atueleze, kwa njia ya malezi peke yake, kilichopanda na kushuka hapo ni nini, na mzazi amfanye nini mwanawe ambaye, akitoka darasani, hukuta sigara moja inauzwa kando ya peremende.