Sorbeti ya limao bila mashine, mbona inakuwa jiwe?

MamaWawili_Moshi

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Naomba msaada kwa wanaojua haya mambo. Mwezi wa kumi na mbili tuna kipaimara cha mtoto wa dada huko Kibosho na safari hii nataka watu wakishakula ndafu na pilau wapate kitu cha baridi kisichokuwa na maziwa, maana kwenye ukoo wapo ambao maziwa yanawasumbua tumbo kabisa. Nimeamua sorbeti ya limao. Malimao sio shida, Mbuyuni yapo na Kiborloni yapo. Shida ni kwamba nikiiweka friza usiku asubuhi ni jiwe, kijiko hakipiti, na ukilazimisha unakula barafu tupu ladha huioni. Sukari naweka kidogo kwa sababu sitaki iwe tamu sana. Mashine ya aiskrimu sina. Kuna mtu kaniambia niweke ute wa yai mbichi, sasa kwa watoto na wazee mie naogopa. Nifanyeje?

JikoniNjiro

Dada yangu ute achana nao, tatizo liko hapo kwenye sukari. Kwenye sorbeti sukari haipo kwa ajili ya utamu peke yake, ndiyo inayoilainisha. Maji yakianza kuganda sukari haigandi nayo, inabaki kwenye yale maji ambayo bado, yanazidi kuwa mazito mpaka yanafika mahali friza ya nyumbani haiwezi kuyagandisha yote, na hiyo shira inayobaki katikati ya chembe za barafu ndiyo inafanya kijiko kipite. Ukipunguza sukari tu umeondoa huo ulaini.

Mimi natumia maji nusu lita, sukari gramu 300, juisi ya limao robo lita, chumvi kidogo sana ya kushika kwa vidole viwili. Sukari na maji chemsha mpaka iyeyuke tu, epua, halafu kwangua lile ganda la njano la juu uloweke humo shira ikiwa bado moto. Ule weupe wa ndani usiuguse kabisa ni mchungu, na malimao yetu haya ya ngozi nene ya mabonde yana weupe mwingi kwa hiyo kwangua kwa mkono mwepesi. Ikipoa chuja ndio utie juisi, usichemshe juisi itapoteza ile harufu. Ukionja hapo utaona tamu mno, usiogope wala usiongeze maji, ulimi ukiwa kwenye baridi hausikii utamu vizuri, ikiganda itakuwa sawa.

Kama huna mzani osha yai BICHI na liwe jipya, lizamishe na ganda lake kwenye ule mchanganyiko uliopoa. Likielea likatoa kichwa nje ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, umepata. Likizama ongeza shira. Yai la zamani litakudanganya maana linaelea hata kwenye maji matupu.

Tengeru_Mkulima

Naongezea kwa JikoniNjiro. Usimwage yote kwenye ndoo moja ukaiacha usiku kucha, friza za nyumbani zinagandisha taratibu na barafu ikijitengeneza taratibu inatoa chembe kubwa. Weka kwanza kwenye friji ipoe kabisa, kisha mimina kwenye sinia la stili kina kifupi, na kila nusu saa toa uchanganye kwa uma ukivuta za pembeni kuja katikati, masaa matatu manne hivi itakuwa imeshika. Au acha iwe ngumu, kata vipande, piga kwenye blenda haraka haraka urudishe friza, inatoka laini mno na nyeupe kwa sababu imeingia hewa.

Na kama umeme ukikatika siku hiyo msilie. Barafu ilopondwa sehemu tatu, chumvi sehemu moja, kwenye ndoo kubwa, sufuria ya sorbeti katikati, unazungusha na kukwangua pembeni. Chumvi inashusha baridi ya barafu chini sana ya sifuri, watu waligandisha hivyo kabla friza hazijakuwepo. Funika sufuria vizuri tu, chumvi isiingie.

MamaWawili_Moshi

Mungu awabariki, kumbe nilikuwa napigana na sukari bure. Maswali mawili. Bado hiyo gramu 300 inanitisha, hakuna namna ya kupunguza utamu ikabaki laini? Na mama mkwe ana kisukari, nitampa nini?

JikoniNjiro

Namna ipo, glukosi ile ya unga ya kopo inayouzwa famasi. Toa gramu 60 za sukari weka glukosi gramu 60, utamu wake ni mdogo kuliko sukari lakini kuzuia barafu isishikane inaishinda sukari. Usizidishe hapo la sivyo itagoma kuganda.

Ila kwa mama hiyo sio dawa, glukosi inapandisha sukari ya damu haraka kabisa, tafadhali usimpe ukidhani umemsaidia. Yeye mtengenezee pembeni ya kukwangua kama wanavyofanya Wataliano wa Sicily na granita yao: juisi ya limao, maji, yale maganda ya njano na majani ya mnanaa, sukari usiweke, gandisha kwenye sinia halafu kila ikianza kushika kwangua kwa uma mpaka iwe chenga chenga. Hiyo haitafuti ulaini, inaliwa kama chenga, kwa hiyo kukosa sukari hakuiharibu. Mpe kwenye glasi yake mapema wengine hawajaanza, ajisikie amekumbukwa.

Tengeru_Mkulima

Na idadi piga hivi, lita moja inatoa vikombe vidogo kumi mpaka kumi na mbili. Anza siku mbili tatu kabla, juu yake bandika nailoni igusane na sorbeti ndio ufunike, isije ikanywa harufu ya samaki humo friza. Toa dakika kumi kabla ya kugawa. Kupanda nayo Kibosho weka kwenye kuliboksi na barafu iliyotiwa chumvi, mfuniko usifunguliwe njiani.